Bi Ardis wa Dirisha la Kwanza: Miaka Thelathini na Tano Kasoro Dakika Sabini

Bi Ardis Tollefsrud aliitumikia Ofisi ya Uchaguzi ya jimbo letu kwa miaka thelathini na tano kasoro dakika sabini. Aliondoka Jumanne, tarehe 6 Agosti mwaka huu, saa tisa na dakika hamsini alasiri. Faili lake linasema amejiuzulu. Sisi tuliofanya naye kazi tunasema amestaafu, na leo, Ijumaa tarehe 13 Desemba, kura zote zikiwa zimehesabiwa na kuthibitishwa, hatimaye tunakata keki.

Nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, meza yangu ya Dirisha la Pili imekaa ubavuni mwa yake kwa miaka minne. Ya pili, Mkurugenzi wetu, Bwana Lindgaard, anasema kwamba tangu nilipoolewa mwezi Septemba naona uzuri kila mahali, hata kwenye mashine ya kutoa nakala. Ni kweli, na ninaomba radhi mapema.

Bi Ardis alianza kama mpiga chapa wa orodha za wapiga kura. Mwaka wa tatu akahamishiwa Dirisha la Kwanza, ambalo wengine wote walikuwa wakilikimbia. Dirisha la Kwanza ni la wanaotaka urais wa Marekani bila chama, au kwa chama ambacho wanachama wake wote wanaenea kwenye gari moja. Wagombea wa vyama viwili vikubwa hawafiki hapo. Majina yao huletwa na wakili, kwa barua moja, na kazi inaisha kabla kahawa haijapoa.

Kwa wengine mambo ni tofauti. Bi Ardis amewapokea wagombea tisini na wanne. Hakuna hata mmoja aliyekuwa rais, na hakuna hata mmoja aliyeondoka pale akijiona mjinga. Alimpokea mzee aliyetaka rais achaguliwe kwa mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu. Alimpokea mama wa mji wa Tornby aliyeahidi kuifunga serikali nzima wakati wa msimu wa kuwinda kulungu, na Bi Ardis alikiri baadaye kwamba wazo hilo lilimvutia. Alimpokea bwana mmoja aliyekuja na mbuzi kama mgombea mwenza wake. Ofisi nzima iliinama chini ya meza kwa kicheko, lakini Bi Ardis alivaa miwani.

"Mheshimiwa," alimwambia, "Katiba inataka mgombea mwenza awe ametimiza miaka thelathini na mitano. Huyu ana mingapi?"

"Minne, mama."

"Basi mrudishe akikua."

Kila mgombea mpya alipewa kiti, peremende moja, na maelezo ambayo sisi wengine tulikuwa tumeyakariri kama wimbo wa shule. Nayaandika hapa kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaeleza vizuri zaidi.

"Mheshimiwa," angeanza, "nchi hii haina uchaguzi mmoja wa rais. Ina chaguzi hamsini na zaidi, na kila jimbo lina fomu zake. Sisi tunataka saini elfu mbili. Jirani yetu ng'ambo ya mto anataka nyingi kuliko hizo, kwa karatasi ya ukubwa mwingine, kwa tarehe nyingine. Ukivuka huo mlima, kuna mdahalo wa televisheni. Hawakualiki mpaka watu wakujue, na watu hawakujui mpaka uonekane kwenye mdahalo. Ukivuka na huo, ujue wananchi hawamchagui rais moja kwa moja. Wanachagua wajumbe, na karibu kila jimbo anayeongoza anachukua wajumbe wote. Ukipata kura moja katika kila tano nchi nzima, unaweza kurudi nyumbani bila mjumbe hata mmoja. Na ikitokea maajabu, asipatikane mwenye zaidi ya nusu ya wajumbe, anayeamua ni Bunge. Bungeni wamo nani? Haohao wa vyama viwili. Haya, tuanze na ukurasa wa kwanza."

Wengi waliishia kula ile peremende.

Mimi, nikiwa na ndoa ya wiki kumi na mbili, nina maelezo yangu mafupi zaidi. Wapiga kura wetu huwapenda wagombea hawa kama mtu anavyompenda mchumba wa likizo. Majira ya joto wanacheka naye, wanapiga naye picha, wanasema hawajawahi kukutana na mtu mkweli kama huyu. Novemba ikifika wanarudi nyumbani kwa mume waliyezoea kumlalamikia. Namshukuru Mungu kwamba Emmett wangu alikuwa mchumba wa likizo na bado nikamchukua moja kwa moja.

Emmett niliyemtaja alinifikia kupitia Dirisha la Kwanza, akiwa amebeba maboksi ya saini za Daktari Virgil Sandquist. Hapo ndipo hadithi ya kuondoka kwa Bi Ardis inapoanzia.

Daktari Sandquist ni daktari wa mifugo, ana miaka sabini na minane, na kwa muda wa miaka arobaini amewazalisha ng'ombe wa nusu ya jimbo hili. Sera zake ni tatu. Kila sheria isomwe kwa sauti, yote, mbele ya wabunge watakaoipigia kura, wakiwa wamesimama. Vita isitangazwe na mtu asiye na mtoto au mjukuu wa kupeleka. Na rais aoshe vyombo vyake mwenyewe. Sijawahi kukutana na mtu asiyekubaliana na mambo hayo matatu. Kwa sababu hiyohiyo, kila mtu alimwambia hawezi kushinda.

Alijaribu mara tano kabla ya mwaka huu, na mara zote Bi Ardis ndiye aliyemrudisha. Mara ya kwanza alitumia karatasi ndefu badala ya fupi. Mara ya pili alikusanya saini kwenye maonyesho makubwa ya mifugo, na theluthi moja ya waliosaini walikuwa wametoka ng'ambo ya mto, wamekuja kula jibini la kukaanga. Mara ya tatu alianza kukusanya siku moja kabla ya tarehe inayoruhusiwa, kwa hamu tu. Mara ya nne ndama alikula kurasa kumi na moja.

"Sheria inasema nini kuhusu ndama?" Daktari aliuliza.

"Sheria haimtaji ndama," Bi Ardis alijibu, "lakini inataja kurasa."

Mara ya tano alikuwa na kila kitu isipokuwa mgombea mwenza. Aliandika jina la mkewe, Bi Lois, bila kumuuliza. Bi Lois aliendesha gari maili sitini kuja kujifuta mwenyewe kwenye fomu.

Mwaka huu mambo yalikuwa safi. Bi Ardis alikagua saini moja moja kwa wiki nzima, akilinganisha kila moja na daftari, mimi nikiwa sigusi chochote kwa sababu Emmett, mchumba wangu, ndiye aliyezileta. Halali zilikuwa 2,061. Ilibaki fomu ya wajumbe tu. Jimbo letu lina wajumbe kumi, na kila wilaya ya uchaguzi lazima iwe na wake, aliyekubali kwa kiapo na saini. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Jumanne, tarehe 6 Agosti, saa kumi na moja kamili jioni.

Saa hiyohiyo ndiyo Bi Ardis angetimiza miaka yake thelathini na tano. Juu ya Dirisha la Kwanza kuna kibao cha shaba chenye majina ya waliotimiza. Yako mawili tu. La tatu nilikuwa nimeshalichukua kwa mchongaji, nimelificha kwenye droo yangu ndani ya taulo. Bi Ardis alijua. Kwa wiki nzima alikuwa akipita mbele ya droo ile polepole, akijifanya anatafuta gundi.

Siku hiyo chumba cha kungojea kilikuwa na watu wanne. Alikuwepo Daktari Sandquist, amevaa tai. Alikuwepo Emmett. Na walikuwepo mawakili wawili, mmoja wa chama kikubwa hiki na mwingine wa chama kikubwa kile. Mawakili hawa hawajasalimiana kwa miaka kumi na moja. Siku hiyo walikuja kwa gari moja na wakala donati kutoka boksi moja, kwa sababu Daktari angepunguza kura za wote wawili, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba atapunguza zaidi za kwake.

Saa tisa na dakika ishirini simu ya Daktari ililia. Kwa kuwa masikio yake si mazuri, aliiweka mezani kwa sauti kubwa, tukasikia wote. Alikuwa Gordy Aasland, muuza chakula cha mifugo wa Pike Lake, mjumbe wake wa wilaya ya saba.

"Daktari, shikamoo. Sikiliza. Nakupenda kama kaka yangu."

"Gordy, usianze hivyo. Umeshasaini?"

"Ulimwokoa ng'ombe wangu Duchess usiku wa theluji. Sijasahau."

"Gordy!"

"Mkwe wangu amesema nikikusaidia wewe, yule mwingine atashinda. Amesema hataleta wajukuu kwenye karamu ya sikukuu ya Shukrani, Novemba."

"Yule mwingine yupi?"

"Hilo hakusema," Gordy akajibu. "Ila alikuwa analia, Daktari. Nisamehe, ndugu yangu."

Daktari alikata simu, akaifungua tai yake. Wakili mmoja alimpa mwenzake donati. Emmett alianza kupiga simu kwa kila mtu aliyemjua wilaya ya saba, na wilaya ya saba ni ziwa, misitu, na watu wachache wasiopokea simu mwezi Agosti.

"Basi," Daktari alimwambia Bi Ardis kwa sauti ndogo. "Nilitaka Lois alione jina langu kwenye karatasi ya kura mara moja tu. Magoti yangu hayafiki miaka minne mingine. Nifungie hilo faili, mama."

Bi Ardis hakulifunga. Aliendelea kutazama fomu, pale kwenye mstari mtupu wa wilaya ya saba. Bi Ardis anaishi Pike Lake.

Alisimama akaenda mlangoni kwa Mkurugenzi. Sote tulisikia, kwa sababu Bwana Lindgaard hafungi mlango tangu bawaba zake zianze kulia.

"Bwana Lindgaard, mfanyakazi wa ofisi hii anaweza kuwa mjumbe wa mgombea?"

"Unajua hawezi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Na mfanyakazi wa zamani?"

"Anaweza. Ardis, keti chini. Saa kumi na moja utakuwa mfanyakazi wa zamani."

"Saa kumi na moja dirisha linafungwa."

"Dada, zimebaki dakika sabini. Sabini! Jina limeshachongwa!"

"Nipe karatasi," alisema Bi Ardis, "na kalamu isiyovuja."

Aliandika mistari miwili ya kujiuzulu, akaandika na saa, akavua beji. Kisha akapita kwenye kile kilango kidogo kinachotutenganisha na wananchi, akauzunguka ukumbi, na mbele ya macho yetu akavuta namba ya foleni kama mtu mwingine yeyote. Ilikuwa namba 88. Aliketi karibu na Daktari, akaweka mkoba mapajani, akasubiri kuitwa.

"Dada, njoo tu!" nilimwambia. "Hakuna mtu mwingine!"

"Ita namba," alisema.

Nikaita kuanzia themanini hadi themanini na saba, zote zilizokuwa zimeachwa na watu waliokata tamaa mchana, mpaka nikafika themanini na nane.

Mawakili waliruka pamoja. "Hii ni hila!" alisema wa kwanza. "Naunga mkono!" alisema wa pili, kisha wote wakatazamana kwa hofu, kwa maana hawakujua kama wanaruhusiwa kukubaliana. Mkurugenzi alifungua kitabu cha sheria, akasoma ukurasa mzima kwa sauti huku sote tumesimama, na Daktari Sandquist akasema hiyo ndiyo sera yake ya kwanza imeshatekelezwa. Bi Ardis akaapa mbele ya Mkurugenzi, akasaini mstari wa wilaya ya saba, na saa kumi na dakika hamsini na mbili nilipiga muhuri.

Mawakili walikwenda mahakamani, wakashindwa. Jina la Virgil Sandquist likaingia kwenye karatasi ya kura, mstari wa tano. Septemba na Oktoba jimbo lilimpenda ajabu. Wakulima walimpigia honi barabarani. Kina mama walimwokea pai za tufaha mpaka Bi Lois akaanza kuzigawa kwa majirani. Kwenye harusi yetu alishangiliwa kuliko bwana harusi, na Emmett alishangilia pamoja nao.

Novemba alipata kura 1,388. Yaani wapo watu wasiopungua mia sita na sabini na watatu waliompa saini, anwani na tarehe, kisha wakamnyima kura. Tulipowauliza wachache, jibu lilikuwa moja: "Ningempa, lakini ningeipoteza kura." Wote waliosema hivyo jimboni walitosha kabisa kufanya kura zao zisipotee.

Kazi ya kuthibitisha matokeo kituo kwa kituo iliniangukia mimi. Nilipofika kituo cha Pike Lake Kaskazini nikasoma: waliopiga kura, 214. Sandquist, sifuri.

Nilisoma tena. Nikapiga simu kituoni, wakahesabu upya kwa mkono. Sifuri. Hicho ndicho kituo anachopigia kura Bi Ardis, mjumbe wa Daktari, aliyeacha shaba ukutani kwa ajili ya ule mstari wa tano. Nilimwonyesha Mkurugenzi. Akasema kura ni siri, akaenda kutengeneza bawaba za mlango wake.

Hatukumuuliza. Ningependa hilo liandikwe. Alikuja mwenyewe, wiki moja kabla ya sikukuu ya Shukrani, akavuta namba, akasubiri, akasimama mbele ya dirisha langu.

"Umeshaiona," alisema.

"Nimeiona, dada."

"Nilivuta pazia la kibanda cha kura. Nikalisoma jina lake. Kalamu ilikuwa hapa," akanionyesha juu ya kaunta, upana wa kidole. "Nikamwona yule mwingine anashinda kwa kura moja, na kura hiyo ni yangu. Mkono ukaenda wenyewe kule ulikozoea."

"Umemwambia Daktari?"

"Nimetoka kwake sasa hivi. Nililia kwenye zizi mbele ya ng'ombe. Unajua alisemaje? Alisema, 'Mama, kituo changu nimepata kura moja, na nyumbani tuko wawili.' Lois akapiga kelele kutoka ndani, 'Usinitazame mimi!' Kisha akanipa kahawa." Hakucheka. "Miaka yote hii niliwakalisha pale nikawaambia ni fomu. Ni saini, ni mdahalo, ni wajumbe, ni Bunge. Wakaniamini, maana nilikuwa na miwani. Si fomu, mwanangu. Fomu tulizijaza zote, na muhuri ukapigwa. Kizuizi kilichobaki, mle kibandani, kilikuwa mimi."

Mkurugenzi alitoka na lile taulo lenye jina la shaba mkononi, akasema amewasiliana na makao makuu, jina linaweza kupigwa misumari leo hii, dakika sabini ni kitu gani. Bi Ardis alilishika jina lake, akalifuta kwa mkono wa koti, akamrudishia. "Sikutimiza," alisema. "Mbuzi nilimrudisha kwa kupungukiwa miaka thelathini na mmoja, na mimi nimepungukiwa dakika sabini." Kibao kile bado kina majina mawili.

Tumejaribu, mimi na Emmett, kuulizana tulivyopiga kura. Tumekubaliana kwamba ndoa ya wiki kumi na mbili ina furaha nyingi mno za kushughulikia kwanza. Lakini nimefikiri sana juu ya Bi Ardis. Mtu anaweza kutoa miaka thelathini na tano kwa ajili ya jina la mwenzake, mchana, mbele ya mawakili wawili, kisha akashindwa kulitolea alama moja ya kalamu mahali ambapo hakuna anayemwona. Na anaweza kwenda kumwambia usoni. Mimi sijui ni wangapi katika jimbo hili wangeendesha gari hadi kwenye zizi lile. Najua ni mmoja aliyeendesha.

Bi Ardis, asante kwa peremende tisini na nne. Asante kwa kumwita kila aliyekuja Mheshimiwa na kumaanisha. Asante kwa kulipokea boksi la kwanza la Emmett na kuniambia, bila kuinua macho, "Huyu mwandiko wake unasomeka, usimwachie." Ofisi yako ya zamani inakutakia ziwa lenye samaki, magoti yasiyouma, na afya ya kukufikisha Novemba nyingine, ndani ya kibanda chenye pazia zito, na huko ndani usimkute yule mwingine, wala mtu yeyote ila wewe.